Mwaka Ambao Nyumba Yetu Ilisema Kifaransa

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Mutanga Nord, mtaa wa hapa Bujumbura, na kwenye ua wa nyuma, kati ya akina mama waliokuwa wakipakua pilau, nikamwona mwanamke mmoja mrefu amebeba rundo la sahani mpaka kidevuni. Mtoto mdogo, wa miaka miwili hivi, akamvuta kitenge akasema, "Jisi." Mtu mwingine angemwambia asubiri, au angempa kikombe akaendelea na kazi yake. Yule mwanamke aliinama na sahani zake zote, akamuuliza, "Juisi? Unataka juisi ya marakuja? Juisi baridi ya marakuja?" Mtoto akafikiri. "Jisi balidi," akasema. "Ehee! Juisi baridi. Twende tuitafute." Nikabaki nimesimama na upawa mkononi, nacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshamtambua. Alikuwa Madame Espérance, mwalimu wa watoto wadogo, wale wa shule tunayoiita materneli. Aliporudi aliniangalia usoni, akaangalia tena, halafu akapiga kelele mpaka bwana harusi akageuka: "Zaituni wa Ngagara! Na yule mutoto aliyeninyimaka jina lake, yuko wapi?" Tukakumbatiana na mikono yetu yenye mafuta. Nilimjibu vizuri, nikamweleza kila kitu, lakini usiku ule usingizi ulinikataa kidogo, kwa raha tu, na asubuhi nikaona heri niuandike mwaka ule kabla sijaanza kuusahau.

Leo nina chumba changu Mutakura, chumba kimoja chenye kuta za manjano, ambamo akina mama wananiachia watoto wao asubuhi wakienda sokoni. Wananiita Mwalimu. Mimi huwaambia ukweli, kwamba nilikomea darasa la tisa na kwamba yote ninayoyajua kuhusu mtoto na maneno niliyajua ndani ya mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa, katika nyumba ya kaka yangu Rajabu. Wengine wanadhani ninajishusha. Mwaka ule nilikuwa mtu wa ndoto sana. Nikiosha vyombo nilikuwa naongoza shule, nikifua nilikuwa nahutubia wazazi, na Hadija, mke wa kaka, alizoea kuniambia, "Zai, toka huko uliko, maharage yanaungua." Kumbe nilichokuwa nakiota kilikuwa kinatembea palepale uani, kinavuta kamasi, kimevaa kiatu kimoja.

Aliitwa Sauda, mtoto wa Rajabu na Hadija, alikuwa amepita miaka mitatu, na maneno yake yalikuwa machache kiasi kwamba watu walianza kuniuliza kwa upole kama anasikia vizuri. Alisikia kuliko sisi sote. Siku nzima alishinda chumbani kwa Bibi Mwamini, bibi yetu aliyetulea mimi na Rajabu, ambaye naye alikuwa anakaa humo humo. Chumba cha Bibi kilikuwa na mlango wake wa kutokea uani, kitanda cha juu, sanduku la bati lenye maua ya rangi, na mkeka ambao haukukunjwa kamwe. Kilinuka karafuu na mafuta ya nazi. Bibi alimwita Sauda "muke mwenzangu", kama bibi wa mjini wanavyowatania wajukuu, na walikuwa na kazi yao ya asubuhi: kuchambua mchele kwenye ungo. Mimi nilipita nimebeba ndoo, nikisikia sauti ya Bibi haikatiki. "Haya muke mwenzangu, hii jiwe. Jiwe baya. Tunatupa jiwe baya. Na hii? Hii mupunga, iko na koti yake bado. Tumuvue koti." Sauda akisema "koti", Bibi hakumwambia vizuri wala vibaya. Alilichukua lile neno akamrudishia limevaa nguo: "Koti, ee. Koti ya mupunga. Koti ya mupunga inatoka." Akisema "koti toka", Bibi anafurahi kama amepewa zawadi, analipokea, analiongezea tena kidogo, anamrudishia. Nikadhani ni maneno ya wazee, ya kupitisha muda. Leo ninafanya hivyohivyo kutwa nzima, na jioni koo linaniuma.

Nataka niseme kidogo juu ya yale maneno machache ya Sauda, kwa sababu bado yananishangaza. Kila kitu chenye miguu minne kilikuwa "paka". Mbuzi wa jirani paka, ng'ombe wa barabarani paka. Idd ya kuchinja ilipofika, kondoo akaingia uani, Sauda akasimama mbele ya wageni wote akatangaza "Paka!" na watu wakacheka mpaka Rajabu akaona haya. Mimi sikucheka. Nilijiuliza nani alimwambia kwamba paka na kondoo ni ndugu. Hakuna. Aliona mwenyewe, akawaweka kwenye nyumba moja, akangoja tumpe majina ya vyumba. Na asipokuwa na neno alitengeneza. Kiatu alikiita "nyumba ya mguu". Mwamvuli ulikuwa "kofia ya mvua". Mtu mzima asipojua neno ananyamaza, au anasema "ile kitu". Yule mtoto alikuwa akishona neno lake mwenyewe na vitambaa alivyokuwa navyo.

Basi Rajabu alikuwa fundi wa magari, na ndoto yake ilikuwa moja tu. "Mi sitaki mwanangu alale chini ya magari ya watu," alisema, na akisema hivyo aliangalia kucha zake ambazo hazikutakata hata siku ya Idd. Alisikia habari ya materneli moja nzuri kule Mutanga Nord, yenye ukuta uliochorwa samaki, na siku moja, mvua za masika zikianza, tukampeleka Sauda, yeye, Hadija na mimi, mtoto amesukwa nywele mpaka macho yamevutika. Madame Espérance alitupokea, akapiga magoti, akamwuliza jina lake kwa upole, "Comment tu t'appelles?" Sauda akaangalia samaki. Akamwuliza tena, taratibu. Sauda akageuka akaangalia samaki mwingine. Madame hakukasirika hata kidogo. Alimshika shavu, akamwambia Rajabu, "Mutoto angali mudogo. Mumulete tena kabla ya Septemba, tuone. Hapa tunaongea Kifaransa, mumuzoeze kidogo-kidogo nyumbani." Maneno ni hayo. Lakini njiani kurudi niliona kaka anatangulia mbele yetu kwa haraka, na nikajua kwamba lile "kidogo-kidogo" halikufika naye mpaka Ngagara.

Jioni ile tulikula bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Rajabu alinawa, akakaa, akasema kabla ya bismillahi, "Kuanzia leo, humu ndani ni Kifaransa tu. Lugha zimekuwa nyingi, zimemufunga mutoto ulimi. Kiswahili huku, Kirundi huku, Kiarabu cha madrasa huku. Tumuchagulie moja."

Hadija akaacha kumega. "Sasa Papa Sauda, na ku jikoni?"

"Na ku jikoni."

"Na mutoto akilia?"

"Alie na Kifaransa."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, nikadhani ni utani, lakini Bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Na mi, Rajabu?" Kaka akaangalia sahani yake. Bibi huyo ndiye aliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. "We, Bibi," akasema, "we utajaribu."

Jamani, Kifaransa tulikuwa nacho. Hapa Bujumbura nani hana Kifaransa? Ndiyo maana tulidanganyika. Kila siku tunakichanganya na maneno yetu mpaka tunajiona matajiri, na hatukujua kwamba kila mmoja wetu alikuwa nacho cha kazi yake tu. Cha Rajabu kilikuwa cha gereji: bougie, filtre, batterie, frein. Cha Hadija, aliyekuwa anauza vitenge sokoni, kilikuwa cha mita na bei, na neno lake tamu kuliko yote lilikuwa "dernier prix", bei ya mwisho. Changu kilikuwa cha darasani, cha kukariri, kwa hiyo nilimtembeza Sauda uani nikimwambia "la vache est un animal domestique", na hapakuwa na ng'ombe. Mezani ndiyo ilikuwa sinema. Siku moja kulikuwa na lenga-lenga, mchicha wetu wa hapa, na Rajabu alitaka nyingine, akanyoosha mkono, akasema, "Donne-moi le... le..." Hakuna kati yetu aliyejua lenga-lenga zinaitwaje kwa Wafaransa. "Le vert," akasema mwishoni. Hadija akampa kikombe cha kijani. Akakipokea. Akanywa maji yake bila kiu, kwa heshima ya sheria yake mwenyewe.

Haikupita wiki, Mama Kelia, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta. "Ewe Hadija, kwenu kumekufa mutu? Sisikii kelele."

"Apana, tuko salama. Tunasema Kifaransa."

"Aaa," akasema Mama Kelia. "Ndo maana mumenyamaza."

Tulicheka hadi tukakaa chini, Hadija na mimi, huku tumefunika midomo kama wezi. Na mwanzoni, niseme haki, hata sheria yenyewe ilionekana inafanya kazi. Sauda alijua "viens", njoo, na "assis", kaa. Rajabu alikuja na buji kuukuu mfukoni, ile plagi ya kuwasha injini, akamwonyesha, "Bougie", na mtoto akasema "Buji", sawasawa kabisa. Akajua na filtre. Wageni wakija Rajabu anamwita, anamwonyesha kipande kimoja kimoja, mtoto anataja, wageni wanapiga makofi, na kaka yangu anakuwa mrefu zaidi ya mlango. Nilimpenda sana siku hizo. Hakuwa baba wa kuacha kazi ya mtoto kwa mama. Alikuwa anampa mwanawe kilichokuwa kizuri kuliko vyote alivyonavyo. Ila nilianza kuona kitu. Yale maneno yalikuwa kama vipuri ndani ya boksi, kila kimoja kizima, kinang'aa, na hakuna gari. Sauda alisema "buji", basi. Hakuna aliyempokea akamwongezea, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kuongeza. Sisi wenyewe tulikuwa tumefika mwisho wa barabara.

Na Bibi akafunga mlango. Hakuwa amekasirika, hilo ndilo lililoniumiza. Asubuhi baada ya chai aliingia chumbani, akarudisha ule mlango wa uani, akakaa ndani na tasbihi yake. Sauda alichukua ungo mtupu, akaenda kukaa kwenye kizingiti, akagonga mbao na kiganja. Mlango ukafunguka kidogo. Bibi akamwangalia na uso wote ukatetemeka kwa maneno yaliyokuwa yamejaa mdomoni, akasema neno pekee la Kifaransa alilokuwa nalo na uhakika: "Bonjour." Mtoto akasema, "Bonjou." Mlango ukafungwa. Mchana tena, bonjour. Jioni tena, bonjour. Nilimfuata Bibi ndani, nikamwambia, "Bibi, semesha mutoto. Kaka hayuko, nani atamwambia?"

Aliendelea kuhesabu tasbihi kwanza. "Mwenye nyumba akisema jambo," akasema, "hatulivunji mugongoni kwake. Na tena, Zai, kama ana haki je? Mi sikusoma. Kama ni maneno yangu ndo yanamufungia mutoto mulango ya masomo, nitamujibu Mungu nini kesho?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na darasa la tisa. Nilitoka nikakaa jikoni, na ndotoni mwangu siku hiyo hapakuwa na shule yoyote.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, Sauda alikuwa ameacha karibu yote. Hakusema tena paka. Hakusema kofia ya mvua. Akitaka maji ananyoosha kidole, akikataa anatikisa kichwa, na zile bougie na filtre alizitaja tu akionyeshwa, kama mtu anayelipa ushuru. Mchana mmoja nilimsikia Hadija amemlaza kwa usingizi wa mchana, anamnong'oneza Kirundi chini ya chandarua, "mwana wanje, mwana wanje", mwanangu, mwanangu, haraka haraka, na sauti imepasuka. Aliponiona alifuta macho na ncha ya kitenge. "Zai," akaniambia, "mbona hata kwangu hajibu? Na kama hatasemaka tena?" Nilimwambia atasema. Nilimwambia kwa furaha kabisa, kwa sababu ndiyo tabia yangu, kisha nikatoka haraka asiniangalie usoni.

Gereji ya Rajabu ilikuwa Mutakura, kando ya barabara, mti wa mparachichi, benchi, na magari yaliyofungua midomo. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, na siku moja ya jua kali, kwa kuwa Hadija alikuwa sokoni, nikaenda na Sauda. Kaka alikuwa chini ya gari la Mzee Seif, mwenye duka la nguo, mtu wa kanzu safi na maneno ya mzaha, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi anajipepea. Miguu tu ya Rajabu ndiyo iliyoonekana. Sasa, mjue kwamba kaka yangu hawezi kutengeneza gari akiwa kimya. Anaongea nalo, tangu ujana wake, kama daktari na mgonjwa, na sheria yake ilisema "humu ndani", haikufika gerejini. Niliweka sufuria chini, Sauda akachuchumaa karibu na gurudumu.

"Haya mama," sauti ya Rajabu ikatoka chini ya gari, "tulia nikuangalie. Unaumwa wapi?"

"Inaumwa tumbo," akasema Sauda.

Nikageuka. Mzee Seif akaacha kujipepea.

"Tumbo?" akasema Rajabu, na spana inalia huko chini. "Ilikula nini?"

"Ilikula mchanga."

"Lini?"

"Jana. Haikunawa mikono. Ikakula mchanga mingi, sasa inalia usiku, khoo, khoo."

"Maskini. Na tuipe dawa gani?"

Sauda akafikiri, mkono wake umeshika gurudumu kama paji la uso la mgonjwa. "Bibi iko na dawa," akasema. "Bibi anapaka mafuta hapa. Anasema bismillahi. Anasema, ee Mungu, muponyeshe mwana wa watu, mupe tumbo raha, mupe mikono ya kazi. Halafu inapona. Halafu inakula wali."

Spana ikanyamaza. Kaka akajivuta kutoka chini ya gari kwa mgongo, uso umejaa grisi, anatabasamu, akisema kabla macho hayajazoea jua, "Mutoto wa nani huyu anaongea vizuri hivi?"

Mzee Seif alifungua mdomo, na mzaha wake wote haukutoka. Sauda alikuwa amechuchumaa palepale, mkono bado uko kwenye gurudumu, anamwangalia baba yake kwa subira, anangoja wamalizane habari ya mgonjwa. Nikaona uso wa kaka yangu unabadilika polepole. Mwisho Mzee Seif akasema, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kilichoanguka, "Ni wa kwako, Rajabu."

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi katika chumba changu cha manjano. Yale maneno aliyatoa wapi, mtoto ambaye hatukumsikia miezi? Nilikuja kuyapata siku zilizofuata, nilipokaa mwenyewe kwenye kile kizingiti. Bibi alikuwa haongei na mtoto, lakini baada ya swala alikuwa anaongea na Mungu, kwa Kiswahili chake, kwa sauti, akitutaja mmoja mmoja na maradhi yetu na kazi za mikono yetu, na mlango wa mbao hauzuii dua. Sauda alikuwa nje, na ungo wake mtupu, anachambua. Na ukuta ule wa Mama Kelia, na wauza mandazi wanaopita, na Hadija na mimi tukicheka tumefunika midomo. Alikuwa anachukua kila kitu, anakiweka ndani, hana haraka. Tulidhani kisima kimekauka kwa sababu hatukuona ndoo ikitoka. Siku hizi mama akiniambia kwamba mwanawe hasemi, huwa namwuliza kwanza, anaelewa? Ukimwambia leta kiatu cha baba, analeta? Na nyumbani anamsikia nani? Nawaambia pia waende kwa daktari wampime masikio, maana si kila mtoto ni Sauda. Lakini namwangalia yule mtoto kwa heshima. Sijui amebeba nini.

Shule nitaisema hapa, msomaji asikae roho juu, maana siyo ninayotaka kumalizia. Kabla ya Septemba tulirudi Mutanga Nord. Madame Espérance alimwuliza jina kwa Kifaransa, na Sauda akamwambia, kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani na "ego", ndiyo ya Kirundi, kila mahali, jina lake, na la baba yake, na kwamba samaki wa ukutani wako na njaa. Rajabu akaanza kutoa jasho, akaomba msamaha kwa ajili ya lugha. "Unaomba msamaha ya nini?" akasema Madame. "Kifaransa ntamupa mi, ni kazi yangu. Mumuache aje na maneno yake. Yule anayekuja mikono mitupu ndo ananipa shida." Akampokea. Ndiyo maana harusini nilicheka na upawa mkononi: alikuwa mwanamke wa diploma na miaka mingi ya kazi, na aliinamia mtoto wa watu akamwongezea neno lake vilevile Bibi alivyofanya juu ya ungo, na wawili hao hawakuwahi hata kunywa chai pamoja.

Ninachotaka kumalizia ni mchana ule ule wa gereji. Rajabu hakula. Alimwambia Mzee Seif, "Mzee, unisamehe, nafika nyumbani," na Mzee Seif akampungia mkono tu, nenda, nenda. Tulirudi Ngagara kwa miguu, kaka amembeba Sauda mabegani, na Sauda anamweleza juu ya kila gari tulilolipita, lipi linaumwa na lipi linajifanya mgonjwa. Kaka alikuwa anajibu "Ee? Kweli? Sasa?" na sauti yake si ya kawaida. Tulipoingia uani hakwenda kunawa. Alimshusha mtoto, akavua viatu mbele ya ule mlango wa mbao, akabisha.

"Asalam aleikum, Bibi."

"Aleikum salaam." Mlango ukafunguka. Bibi alituona sisi watatu tumesimama, akamwona Rajabu na uso wa grisi saa ambayo si ya kurudi, akashtuka. "Kuna nini? Mutoto ameumia?"

"Apana, Bibi. Tunaomba kuingia."

Akakaa kwenye mkeka, yeye mtu wa kiti, magoti juu, mikono michafu ameiinua ili asiguse kitu. Mimi nikabaki mlangoni. Alitafuta pa kuanzia, na niliona anatafuta, fundi aliyezoea kujua ugonjwa uko wapi. Hakupata. Ikawa Sauda ndiye aliyekwenda akasimama kati ya magoti ya Bibi, akauliza, kama mtu aliyetumwa na mgonjwa, "Bibi, ile mafuta iko wapi?"

Bibi hakusogea. Alimwangalia Rajabu juu ya kichwa cha mtoto. "Nimujibu na lugha gani?" akauliza, na hakukuwa na kejeli hata chembe katika swali hilo; alikuwa anauliza kweli, ili asikosee.

"Na ile ulinifundishia mi kuongea," akasema kaka yangu, na akainamisha kichwa.

Bibi alifumba macho. Nilijua, na sote tulijua, ni mangapi aliyokuwa ameyaweka tangu zile mvua zianze, kila asubuhi, kila jina la kila kitu, yamepangwa nyuma ya meno yake. Nikajitayarisha kuyasikia yote. Lakini alipofumbua macho alimvuta Sauda, akampakata, akamwekea kichwa kifuani, akasema:

"Anza we, muke mwenzangu. Mi nilishaongea sana katika dunia hii. Leo nataka kusikia."

Na Sauda akaanza.